Umfiche Mchicha au Umwoneshe? Ulinganisho wa Njia za Kumzoesha Mtoto Mdogo Mboga za Majani

Mzazi anayelalamika kliniki kwamba mtoto wake hali mboga huenda akaulizwa swali ambalo hakulitarajia: mboga ipi? Katika Kiswahili cha kila siku cha Tanzania, mboga ni kitoweo chochote kinacholiwa kwa ugali au wali, kiwe dagaa, maharage, nyama au mchicha, kwa hiyo mtoto anayekula dagaa na maharage bila kusumbua anakula mboga, ila anakataa majani. Ninaanza na tofauti hiyo kwa sababu ilinipunguzia nusu ya mzigo. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba nina mtoto asiyekula kitu cha maana. Nilipokaa na kuhesabu, niliona kwamba alikuwa akila maharage, dagaa, mayai, boga na viazi vitamu, na kwamba vita vyote vya mezani vilikuwa juu ya vitu vitatu tu: mchicha, matembele na bamia.

Ulinganisho huu, basi, unahusu majani na mboga nyingine za shambani ambazo mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne huzitema, pamoja na njia nne ambazo wazazi wa kwetu huzitumia ili azile: kumfichia ndani ya chakula kingine, kumwonesha wazi kwa kurudiarudia, kumlazimisha, na kumuahidi zawadi. Nimeipima kila njia kwa kile kinachoingia tumboni wiki hii, kwa kile kinachobaki katika mazoea ya mtoto baada ya mwaka, kwa gharama yake ya muda na chakula, na kwa swali moja ambalo ushauri mwingi wa malezi hauliulizi: ni nani atakayeitekeleza saa saba mchana, wakati mzazi yuko kazini na mtoto yuko na dada au bibi?

Kukataa kwenyewe si ukorofi, wala si dalili ya kudekezwa. Katika mwaka wa kwanza mtoto hufikia takribani mara tatu ya uzito aliozaliwa nao, lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 2.5 tu, na hamu yake ya kula hupungua kulingana na mwendo huo. Mama aliyezoea kuona bakuli likimalizwa na mtoto wa miezi kumi hudhani kwamba mtoto wa miezi ishirini anaumwa, kumbe mwili wake hauhitaji tena kasi ileile. Juu ya hilo, kuanzia umri wa miaka miwili hivi hadi miaka sita, watoto wengi huingia katika kipindi cha kuogopa chakula wasichokifahamu, na hata kile walichokuwa wakikila zamani huanza kukitazama kwa shaka. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuuchukia uchungu, na majani yetu mengi yana uchungu ambao sisi watu wazima tumeuzoea kiasi cha kutouhisi.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuchagua njia yoyote ni saa. Mtoto aliyekunywa chai ya maziwa na andazi saa nne, akapewa biskuti saa tano na juisi saa sita ili asilie, hawezi kuwa na nafasi ya mchicha saa saba, na hakuna ustadi wa mapishi utakaomtengenezea nafasi hiyo. Nilipoondoa biskuti na kuacha saa mbili hadi tatu zipite bila kitu isipokuwa maji, nusu ya matatizo yaliondoka yenyewe. Chai ina kosa la pili: inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage, kwa hiyo hata mtoto anayeyala hafaidiki nayo ipasavyo ikiwa anateremshia kwa chai.

Kumfichia

Njia hii ndiyo inayoleta matokeo ya haraka kuliko zote, na ndiyo niliyoianza. Karoti iliyokwaruzwa nyembamba ikatiwa kwenye kitunguu na nyanya mapema, kabla ya mchele, huyeyuka kabisa na kuacha rangi tu, ambayo mtoto huidhania kuwa ya nyanya. Boga lililochemshwa na kupondwa huingia katika unga wa chapati za maji bila kelele, na huongeza utamu. Majani ni magumu zaidi kuyaficha, kwa sababu rangi yake inasema yote: wali wa kijani hauna udanganyifu ndani yake. Mahali pekee ambapo mchicha uliosagwa ulipita bila kugunduliwa nyumbani kwangu ni ndani ya rojo la maharage mekundu, ambalo lina weusi wa kutosha kumeza rangi yoyote.

Kwamba njia hii inafanya kazi tumboni si jambo la kubishaniwa. Katika utafiti uliofanywa Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka mitatu hadi mitano walipewa vyakula walivyovizoea vikiwa vimeongezwa mboga zilizosagwa, wakala kiasi kilekile cha chakula bila kulalamika, na mboga walizokula zikakaribia kuwa mara mbili. Lakini mzazi wa huku anapaswa kuyasoma matokeo hayo kwa jicho lake mwenyewe. Watafiti wale walikuwa wakitafuta namna ya kupunguza nishati katika chakula cha watoto wanaonenepa kupita kiasi, na walifanikiwa, kwa sababu mboga ina maji mengi na hushika nafasi ya wanga na mafuta. Tanzania, ambako takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kwamba takribani asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mtoto mwembamba aliyejazwa wali wenye karoti na boga tele anaweza kushiba mapema akiwa amepata nguvu pungufu kuliko jana. Anayechagua kuficha, na ambaye mtoto wake hana uzito wa kutosha, aongeze kijiko cha mafuta, tui zito au unga wa karanga katika chakula hicho, na faida itakuwa mbili, kwa kuwa mafuta pia huusaidia mwili kuifyonza ile rangi ya karoti na majani ambayo huigeuza kuwa vitamini A.

Hasara ya kuficha hujitokeza siku ya kugunduliwa. Siku moja niliongeza mchicha katika chapati za maji kwa pupa ya mshindi, na sikuusaga vya kutosha. Kipande kimoja, kirefu kama njiti ya kiberiti, kikanasa kwenye meno yake mapya. Alikitoa kwa vidole viwili, akakitazama, akakiweka juu ya meza, kisha akaisukuma sahani yote kwangu. Kwa muda wa wiki tatu hakugusa chapati ya aina yoyote, hata ile nyeupe isiyo na kitu. Nilikuwa nimemfundisha kukishuku chakula alichokiamini, na mtoto mchaguzi ana vyakula vichache mno vya kuamini hata mzazi avichezee. Ndiyo maana sasa sigusi kabisa uji wake wa asubuhi, na ninashauri kila mzazi achague walau chakula kimoja ambacho hakitatiwa siri yoyote.

Hasara ya pili haionekani upesi. Mtoto anayekula mchicha asioujua hajifunzi mchicha. Ulimi wake hauzoei ladha, macho yake hayazoei jani, na siku atakapofika miaka sita na kupewa sahani shuleni ataikataa kama alivyoikataa akiwa na miaka miwili, ila sasa ana nguvu zaidi za kukataa.

Kwa upande wa gharama, kuficha kunahitaji blenda na umeme, au kinu na mchi, au angalau uvumilivu wa kukwaruza. Kuna mboga moja ya kwetu ambayo kazi hiyo imekwisha kufanyiwa na mapokeo: kisamvu, ambacho hutwangwa hadi jani lipoteze umbo lake, kisha hupikwa kwa muda mrefu na kuungwa kwa nazi au karanga. Watoto wengi wanaotema matembele hukila kisamvu. Lakini upishi wake usifupishwe kwa kuokoa mkaa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayoondolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, na mwili mdogo huhimili sumu kidogo kuliko wetu.

Kumwonesha wazi, tena na tena

Njia ya pili ni kuweka jani mbele ya mtoto likiwa jani, bila kulisifia wala kulitetea, na kulirudisha kesho, na keshokutwa. Msingi wake ni kazi ya Leann Birch, mtafiti wa malezi ya ulaji aliyekuwa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1980. Aliwapa watoto wa miaka miwili jibini na matunda ambayo hawakuyafahamu, baadhi mara mbili tu na baadhi hadi mara ishirini, na akaona kwamba kadiri walivyoonja mara nyingi zaidi ndivyo walivyozidi kukipenda chakula hicho. Yeye na wenzake walibaini pia jambo ambalo wazazi huliruka: kukiona chakula hakutoshi, sharti kifike ulimini, hata kama kitatemwa. Mwaka 2003, jijini London, Jane Wardle na wenzake waliwaomba wazazi wawaonjeshe watoto wa miaka miwili hadi sita mboga moja wasiyoipenda, kila siku kwa siku 14, na watoto hao wakaipenda na kuila zaidi kuliko wale ambao wazazi wao walipewa ushauri wa lishe tu.

Wengi wetu tunashindwa na njia hii kwa sababu ya hesabu. Tunajaribu mara tatu au nne, mtoto anatema, tunasema «huyu hapendi mchicha», na tangu siku hiyo sentensi hiyo inakuwa jina lake. Anaisikia yeye, wanaisikia shangazi zake, na dada wa nyumbani haoni sababu ya kumpakulia tena.

Nilipofanya zoezi hilo la siku kumi na nne nyumbani, nilimpakulia jani moja. Si kijiko, jani moja lililoiva, kando ya wali, kutoka sufuria ileile tuliyokula sote. Siku tatu za kwanza hakuligusa. Siku ya nne aliliangusha chini kwa makusudi, akanitazama kuona nitafanya nini. Nililiokota, nikaendelea kula. Siku ya sita alilifikisha kwenye ulimi na kulirudisha kwa uso wa mtu aliyeonja dawa. Siku ya tisa alilitafuna, akalitoa likiwa limesagika, akanikabidhi mkononi kwa heshima zote. Siku ya kumi na moja lilishuka. Sikushangilia, ingawa nilitamani kupiga vigelegele, kwa kuwa nilikwisha kujua kwamba kelele zangu humfanya ahisi kuna jambo kubwa kuliko jani.

Gharama inayotajwa mara nyingi dhidi ya njia hii ni chakula kinachotupwa, na katika nyumba yenye bajeti ya kubana hoja hiyo ni ya kweli. Hakuna mama atakayenunua fungu la mchicha mara kumi na nne ili mtoto alitupe sakafuni. Jibu ni ukubwa wa onjo na sufuria moja. Ikiwa familia imepika mchicha kwa ajili yake yenyewe, jani la mtoto halina gharama, na hata akila baadaye, kipimo ambacho wataalamu wengi wa lishe hukitumia kwa kuanzia ni kijiko kimoja cha mezani cha mboga kwa kila mwaka wa umri. Mtoto wa miaka miwili anayekula vijiko viwili amekula, hata kama machoni mwa bibi yake bado hajaanza.

Gharama ya kweli ni nyingine: subira ya kila anayemlisha. Njia hii huharibika pale mzazi anapoionesha jioni, na mchana mtoto akabembelezwa, akakimbizwa kwa kijiko uani na kutishiwa mbwa.

Upishi una neno lake katika jambo hili, na hapa sina budi kumkabidhi nafasi mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga wakati wa zoezi hilo na kunikuta nikimwekea mjukuu wake mchicha wa kuchemsha na chumvi, kwa imani kwamba ndio wenye afya zaidi.

«Mwanangu,» aliniambia, «huyu mtoto hakatai mchicha. Anakataa mchicha wako.»

«Mama, si mboga ileile?»

«Wewe ungeula huo?»

Nilikiri kwamba nisingeula. Akakuna nazi, akaukaanga mchicha kidogo kwa kitunguu, akatia tui la pili kwanza na tui zito mwishoni, akaukatakata kabla ya kuupika badala ya kuuacha na nyuzi za mabua. Tui hupunguza makali ya uchungu na kulainisha lile jani linalomkwama mtoto kooni, na mafuta yake ni yaleyale niliyokwisha kusema kwamba mwili unayahitaji. Mara nyingi tunalinganisha njia za kumlisha mtoto kabla hatujalinganisha mapishi mawili ya mboga moja. Tone la ndimu au kipande cha chungwa baada ya mlo husaidia kufyonza madini ya chuma, na hilo nalo bibi alikuwa akilifanya bila kusomea.

Swali la bakuli au sinia linaangukia hapa pia. Mtoto anayekula kwenye sinia pamoja na wengine huwaona kaka na dada zake wakila majani, na kuiga ni shule kubwa kuliko maneno. Kwa upande mwingine, kwenye sinia hujui amekula kiasi gani, na mdogo mara nyingi huzidiwa kasi na wakubwa. Ninapendelea bakuli lake mwenyewe, lakini likae kwenye mkeka uleule, wakati uleule, na chakula kilekile.

Kumlazimisha

Sitakaa sana hapa. Kumlaza mtoto mapajani, kumziba pua na kummiminia ili ameze ni hatari, kwa sababu chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa na kufika mapafuni, na hakuna vitamini inayostahili hatari hiyo. Njia laini zaidi, yaani kumsimamia na kumrudia «maliza, maliza», ilipimwa Pennsylvania kwa supu ya mboga katika utafiti wa mwaka 2006, na watoto waliohimizwa wamalize walikula kidogo kuliko walioachwa, wakaisema vibaya zaidi. Katuni ya simu ninaiweka katika kundi hilihili, ingawa wengi wataniona mkali. Mtoto anayefunguliwa mdomo na katuni humeza kweli, na kwa mlo mmoja wa dharura, safarini au anapotoka kuugua, sioni dhambi. Lakini hakitambui kilichoingia, wala hajui ameshiba, na siku simu itakapokosa chaji mtaanza upya.

Zawadi

Hapa ulinganisho una kona yake. Zawadi za aina mbili huleta matokeo yaliyo kinyume. «Kula mchicha nikupe biskuti» humwambia mtoto kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni malipo ya kuivumilia. Birch na wenzake walionesha mwaka 1984 kwamba watoto waliolipwa ili wanywe kinywaji cha maziwa mapenzi yao kwa kinywaji hicho yalipungua baadaye. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa watoto wa miaka minne hadi sita stika ndogo kwa kuonja tu mboga wasiyoipenda, na walikula zaidi, na miezi mitatu baadaye matokeo yalikuwa bado yapo. Tofauti ni kwamba stika haishindani na mchicha mdomoni, na ililipa kuonja, si kumaliza. Kwa mtoto wa miaka minne njia hiyo ni nzuri na rahisi, na stika inaweza kuwa chapa ya kalamu mkononi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu ni kazi bure, kwa kuwa hajaunganisha ahadi na tendo. Atadai chapa na kuondoka nayo.

Nani achague nini

Mzazi anayeshinda nyumbani, ambaye mtoto wake anaongezeka uzito vizuri, sioni sababu ya yeye kuficha chochote. Ana muda, ana sufuria moja, na mtoto wake hana upungufu wa kukimbizana nao. Aoneshe wazi, achague mboga moja kwa wakati mmoja, na aanze na zile laini na tamu: boga, karoti iliyochemshwa, njegere, kisha mchicha mchanga. Mnafu na nyanya chungu wasubiri, kwa kuwa hata watu wazima wengine bado wanajadiliana nazo. Bamia na mlenda havina uchungu mkubwa, ila kuteleza kwake humtisha mtoto mmoja na kumfurahisha mwingine, na hakuna namna ya kujua wako ni yupi isipokuwa kumpa.

Nyumba ambayo mlo wa mchana unasimamiwa na dada au bibi inahitaji mgawanyo. Nilichokichagua mimi ni kuficha mchana na kuonesha jioni. Karoti na boga vinaingia katika rojo la maharage asubuhi kabla sijaondoka, dada hana vita vya kupigana, na mlo wa usiku, ambapo wazazi wote wawili tupo na tunakula majani yaleyale, ndio darasa. Jambo moja nililobadilisha baada ya ile njiti ya mchicha ni kwamba sidanganyi. Akiuliza kuna nini humu, ninamwambia kuna karoti, na mara nyingi anaendelea kula. Tulikubaliana pia nyumbani juu ya kanuni ya Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani: mzazi huamua nini kitaliwa, lini na wapi, na mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Kumweleza dada kanuni hiyo kulichukua dakika tano. Kumweleza mama yangu kulichukua muda mrefu kidogo, na sina hakika kwamba ameikubali, ila siku hizi hukimbiza kijiko nisipokuwapo.

Mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka yuko katika kundi lake peke yake. Huyo asifanyiwe majaribio ya subira kwa njaa. Apewe anachokula, kiongezewe mafuta, karanga zilizosagwa na mayai, majani yafichwe kwa kiasi kidogo, na apelekwe kituo cha afya. Apelekwe pia mtoto mwenye viganja vilivyopauka, anayekohoa au kupaliwa mara kwa mara anapomeza, anayekataa kila chakula chenye chembechembe, au ambaye orodha ya vyakula vyake inazidi kufupika mwezi hadi mwezi. Hapo hatuzungumzii tena uchaguzi wa mezani.

Kwa njia yoyote ile, mboga ngumu ziive hadi zipondeke kwa vidole. Karoti mbichi ya vipande vya mviringo na karanga nzima ni vitu vya kumkaba mtoto mdogo, na vikae mbali naye hadi afike miaka minne au mitano.

Na mama ambaye bado ni mjamzito au ananyonyesha ana njia ya tano isiyomgharimu kitu. Katika utafiti wa Julie Mennella uliochapishwa mwaka 2001 huko Philadelphia, watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti kwa uso mkunjufu zaidi walipoanza kula, kwa sababu ladha hupita katika maji ya uzazi na katika maziwa. Laiti ningejua, ningekula matembele zaidi.

Kwa maana matembele bado hayajapita. Mchicha wa nazi sasa anauomba, bamia anaila akiwa na njaa, lakini matembele tumefika onjo la ishirini na mbili. Jana alilishika jani, akalitaja kwa jina lake sawasawa, «tembele», kisha akalilaza taratibu kwenye sahani yangu.